Mjadala: Orodha ya timu 25 bora za futiboli ya vyuo Marekani isitolewe kabla ya Oktoba?

Mwenye Mada
Wadau, naleta hoja. Kila Agosti, kabla vyuo havijacheza hata mechi moja, shirika la habari la Associated Press (AP) hutangaza timu 25 bora za futiboli ya Kimarekani. Waandishi wapatao 60 hupiga kura. Timu anayoiweka mwandishi nafasi ya kwanza hupata pointi 25, ya pili 24, hadi ya mwisho pointi 1, kisha karatasi zote zinajumlishwa. Kura ya kila wiki ipo tangu 1936, ile ya kabla ya msimu tangu 1950. Makocha nao wana kura yao. Nasema orodha ya kwanza isubiri hadi timu ziwe zimecheza mechi 5.

Tatizo ni kwamba nafasi ya Agosti haifutiki. Msimu wa 2004 USC ilianza ya 1, Oklahoma ya 2, Auburn ya 17. Zote tatu zilifika Desemba bila kupoteza mechi, na wakati huo wawili wa kileleni tu ndio walioingia fainali. Wapiga kura wana mazoea ya kutoishusha timu iliyoshinda, kwa hiyo Auburn ilipanda tu pale waliokuwa juu yake walipoanguka. Wawili wa kileleni hawakuanguka. USC ikaichapa Oklahoma 55-19, Auburn ikaifunga Virginia Tech 16-13 kwenye Sugar Bowl, mchezo wa heshima wa mwisho wa msimu, na kumaliza 13-0 (ushindi 13, vipigo 0), mikono mitupu. Kama Auburn ingeanzia nafasi ya 3 tungekuwa na mjadala mwingine kabisa.

Yadi Kumi
Mkuu, mfano wa Auburn unaachia nusu ya habari. Nje ya ligi yao, SEC, mwaka ule walicheza na Louisiana-Monroe, Louisiana Tech na The Citadel, na hao The Citadel ni wa daraja la chini. Mpiga kura makini alikuwa na sababu ya kuwaweka wa tatu hata angeanza kuhesabu Oktoba.

Halafu, makadirio ya kabla ya msimu si ramli. Anayeyafanya kwa umakini hutazama mambo matatu: sehemu gani ya uzalishaji wa mwaka jana inarudi (yadi za kwotabeki au mrushaji mpira, mikabo ya walinzi, na sasa pia wachezaji walioingia kwa dirisha la uhamisho), ubora wa vijana waliosajiliwa kutoka sekondari miaka ya karibuni, na kiwango cha timu misimu michache iliyopita. Kisha makadirio hayo hupunguzwa uzito kadiri mechi zinavyoongezeka.

Chukua timu iliyokadiriwa kuwa bora kuliko timu ya wastani kwa pointi 14, na makadirio tumeyapa uzito wa mechi 6. Mechi mbili za kwanza imecheza kwa kiwango cha pointi 2 tu. Hesabu: 6 × 14 ni 84, 2 × 2 ni 4, jumla 88, gawa kwa 8 unapata 11. Ikiendelea hivyo hadi mechi ya sita, 84 jumlisha 12, gawa kwa 12, imebaki na 8. Imeshuka, lakini kwa mwendo unaolingana na ushahidi. Ukitupa makadirio yote utaipa 2 baada ya wiki mbili, na mara nyingi utaaibika. Septemba 2024 Notre Dame, ya 5 wakati huo, ilifungwa nyumbani 16-14 na Northern Illinois. AP wakaitupa hadi ya 18. Timu hiyohiyo ikafika fainali ya taifa.

Matriksi
Mnabishana juu ya maswali mawili kana kwamba ni moja. Yadi Kumi anajibu "nani atashinda Jumamosi ijayo?" Mwenye Mada anauliza "nani amestahili mpaka leo?" Karatasi ya AP haimwambii mpiga kura ajibu lipi, ndiyo maana mmoja anaweka timu ya 0-1 nafasi ya 6 na mwenzake anaiondoa kabisa, na kila mmoja ana haki yake.

Swali la kustahili lina hesabu yake, na mimi naipenda ya Colley, iliyokuwa miongoni mwa kompyuta 6 za BCS, mfumo wa zamani uliochagua timu mbili za fainali. Kila timu inaanza na 0.5, jina halisaidii, na idadi ya pointi mlizoshinda haihesabiwi. Chukua 1, ongeza nusu ya tofauti kati ya ushindi na vipigo, ongeza jumla ya alama za wapinzani wote, gawa kwa idadi ya mechi jumlisha 2.

Timu ya 4-0 iliyocheza na wapinzani wenye wastani wa 0.3: 1 + 2 + 1.2 ni 4.2, gawa kwa 6, ni 0.70. Timu ya 3-1 ambayo wapinzani wake wana wastani wa 0.7: 1 + 1 + 2.8 ni 4.8, gawa kwa 6, ni 0.80. Aliyepoteza yuko juu, na mantiki unaiona kwa macho.

Lakini hesabu hii ina ugonjwa wa Septemba. Daraja la juu lina timu 136 (msimu wa 2025), kila moja hucheza mechi 12 tu za kawaida, na nyingi hutumia moja ya wiki za mwanzo kumlipa mpinzani wa daraja la chini aje apigwe. Mechi za ligi huanza kwa wingi mwishoni mwa mwezi. Kabla ya hapo timu za magharibi na za kusini zinaweza kuwa hazina hata mpinzani mmoja wa pamoja, hivyo kinachozilinganisha ni ile 0.5 ya kuanzia, yaani hakuna. Anderson na Hester, waliokuwa na kompyuta nyingine ya BCS, walisubiri hadi wiki ya tano kutoa orodha yao kwa sababu hiyo.

Safu ya Nyuma
Madhara makubwa hayapo kwenye nafasi ya timu yenyewe. Yapo kwenye sifa inayowagawia wengine, na hili halizungumzwi vya kutosha.

Tazama Florida State 2024. Agosti wamewekwa nafasi ya 10. Tarehe 24 Agosti, Dublin, Georgia Tech wakawafunga 24-21. AP haikutoa orodha mpya wikendi ile kwa kuwa timu chache tu zilikuwa zimecheza. Kwa hiyo tarehe 2 Septemba, Boston College walipowafunga 28-13, Florida State bado walikuwa "namba 10". Timu moja iliyokwisha kupigwa ikatoa ushindi mara mbili dhidi ya kumi bora! Orodha iliyofuata Georgia Tech wakaingia, nafasi ya 23. Wikendi hiyohiyo wakafungwa na Syracuse 31-28. Boston College nao wakapanda hadi 24, wakafungwa na Missouri. Florida State walimaliza 2-10.

Kosa moja la Agosti liliingia kwenye rekodi za timu tatu. Syracuse nao wakaandikiwa kwamba wameiangusha timu ya 25 bora, na hesabu hiyo hutajwa kwenye matangazo hadi Novemba, namba ya siku ya mechi ikiwa palepale ingawa kila mtu anajua haina maana tena.

Yadi Kumi
Hapo nakubaliana nawe kabisa. Ushindi uhesabiwe kwa nafasi ya mpinzani ya leo, si ya siku ile. Ila dawa yake ni kubadilisha namna ya kuhesabu. Kuzima orodha hakutibu.

Na anayepiga kura Septemba aache kutazama ubao wa matokeo peke yake. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10; atazame asilimia ya yaliyofaulu: jaribio la kwanza lipate nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote. Aondoe robo ya mwisho pale mechi ilipokwisha kuamuliwa na akiba wameingia. Mipira iliyoponyoka ahesabu mingapi imeponyoka, asijali sana nani aliiokota, maana kuokota ni karibu nusu kwa nusu. Timu iliyoshinda 27-24 kwa kuokota mipira mitatu haijaonyesha kitu cha kuipandisha nafasi nane.

Mwenye Mada
Ni ushauri mzuri, lakini nani anaufuata? Mwongozo wa AP wenyewe unawataka wapiga kura wafuate kiwango uwanjani, si jina wala ubashiri wa kabla ya msimu, na wasiogope mabadiliko makubwa wiki hadi wiki. Wanatoa mwongozo huo, halafu wanawapa kura ya Agosti ambayo ni ubashiri mtupu. Mwaka 2025 waliweka Texas ya 1, Penn State ya 2. Texas walifungwa na Ohio State 14-7 siku ya kwanza. Penn State walipoteza mechi tatu mfululizo, ya pili yake kwa UCLA iliyokuwa 0-4, na kocha akafukuzwa katikati ya Oktoba.

Mtasema mchujo wa kumpata bingwa sasa una timu 12 tangu 2024, Auburn ya leo ingeingia. Ni kweli. Lakini nafasi za mwisho bado zinagombewa na timu zenye rekodi zinazofanana, na hapo ndipo sifa anazozisema Safu ya Nyuma zinapofanya kazi. Kamati ya wajumbe 13 inayopanga mchujo hutoa orodha yake ya kwanza karibu na Novemba, na hakuna anayelalamika kwamba Septemba ilikosa ladha.

Safu ya Nyuma
Kuzima hutaweza, mkuu. Televisheni inataka namba ya kuweka pembeni ya jina la timu, na AP wakikaa kimya mwingine atatoa yake, labda kwa kura za siri kama za makocha, ambao hufichua karatasi zao za mwisho tu. Karatasi za AP angalau zinaonekana.

Ningebadilisha mambo mawili. Orodha ya Agosti ibaki, ila jina lake liwe makadirio, na namba zake zisiingie kwenye rekodi ya ushindi wa mtu. Kisha Jumapili baada ya wiki ya tano kila mpiga kura apewe karatasi tupu, bila ya wiki iliyopita mbele yake. Aandike kwanza nani amemfunga nani na wapi, ndipo apange, na kila timu iliyo juu ya timu iliyoifunga aitolee sentensi moja ya sababu, ichapishwe pamoja na kura yake.

Matriksi
Wiki ya tano ni mapema kidogo kwa timu zilizopumzika mara moja, zitakuwa na mechi 4. Weka ya sita.