Uzi wa malalamiko: Mnatuuzia IP bila PTR, halafu mnatutuma kwa msajili wa domeni

Wakuu, hili jambo limezidi. Kampuni za intaneti hapa Nairobi zinatoza biashara pesa za ziada kila mwezi kwa IP (anwani ya namba ya mtandaoni) isiyobadilika, lakini mteja akiomba iwekewe jina, yaani rekodi ya PTR inayosema IP inaitwa nani, anaambiwa, "Hiyo ni kazi ya aliyekuuzia domeni." Uongo mtupu!

Mwenye domeni (jina kama mfano.co.ke) huamua jina lielekee IP gani. IP iitwe nani, huamua mwenye IP. Chukua anwani ya mfano, 203.0.113.25. Mafungu yake manne hupinduliwa na kubandikwa mkia, ikawa 25.113.0.203.in-addr.arpa, kisha hapo ndipo rekodi ya PTR hutafutwa. Kwa IP za Afrika, mamlaka hayo hushuka kutoka AFRINIC, shirika linalogawa IP Afrika, hadi kampuni iliyogawiwa IP. Msajili wa .co.ke hayumo kabisa. Jaza PTR kwenye paneli ya domeni mpaka uchoke, hakuna seva itakayokuja kuiuliza.

Anayeumia ni mwenye seva ya barua pepe. Gmail hutaka PTR iwepo, na jina hilo lirudi kwenye IP ileile. Likikosekana moja, ankara ya mteja hurudishwa na kosa 550-5.7.25.

Hata wanaoweka, wengine huweka ovyo. Nukta ya mwisho wa jina ikisahaulika kwenye faili la rekodi hizo, jibu huwa mail.mfano.co.ke.113.0.203.in-addr.arpa. Namba ya SOA (namba ya toleo la faili hilo) isipoongezwa, seva ya pili yenye nakala huendelea kutoa jina la zamani. Kibaya zaidi ni kukabidhi in-addr.arpa kwa seva zilizokufa: badala ya kuambiwa upesi kuwa jina halipo, Linux kwa kawaida husubiri sekunde 5 kwa kila seva ya majina inayoiuliza, kisha hurudia. SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) yenye UseDNS, mpangilio wa kutafuta jina la IP inayoingia, inaganda, lawama anabebeshwa fundi wa ofisi.

Na hiki kisingizio cha "una /29 (kundi la IP nane) tu, haigawanyiki" kikome. RFC 2317, mwongozo wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 1998, inaeleza jinsi ya kumkabidhi mteja PTR za kundi dogo kwa CNAME (rekodi inayoelekeza jina moja kwa jingine), moja kwa kila anwani.

Kabla ya kufungua tiketi, endesha amri hii ya kufuatilia PTR ya IP kuanzia juu: dig -x IP-yako +trace. Seva za mwisho kutajwa ndizo zenye jukumu. Bandika matokeo hayo kwenye tiketi, pamoja na jina unalotaka, na uhakikishe rekodi A ya jina hilo (inayolielekeza kwenye IP) ipo tayari. Wakikutuma tena kwa msajili, mwombe meneja wa mtandao akujibu kwa maandishi.