Naombeni ushauri: mdogo wangu aone mwisho wa The Umbrella Academy au nimzuie?

BintiNkuhungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma mjini, Nkuhungu. Humu nitataja mwisho wa tamthilia ya The Umbrella Academy waziwazi, kwa hiyo ambaye hajaimaliza na ana mpango nayo, aishie hapa.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, huko Manyoni, na baba yake baada ya arobaini hakuonekana tena. Mama yangu akamchukua akiwa mchanga. Tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja, na mama yangu anamwita Mama, siyo Mama Mkubwa. Kwetu ni mtoto wa nyumba. Lakini kuna ndugu yetu mmoja, kila tukikutana kwenye msiba lazima aseme, "huyu ndiye aliyemmaliza mama yake." Analisema hilo kijana akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Amelisikia tangu anaanza kuelewa maneno.

Sirizi hii tuliianza pamoja kwenye likizo zake. Mnajua kisa chake: tarehe 1 Oktoba 1989 wanawake 43 sehemu mbalimbali duniani wanajifungua, na siku ilipoanza hakuna aliyekuwa na mimba. Tajiri mmoja, Reginald Hargreeves, anachukua saba kati ya hao watoto, anawapa namba badala ya majina na kuwalea kama silaha. Wanakua wamevurugika wote. Klaus anakunywa na kuvuta kila kitu ili asisikie wafu wanaomwita. Five amerudi kutoka mwisho wa dunia akiwa mzee wa miaka 58 ndani ya mwili wa kijana mdogo. Luther kakaa mwezini miaka minne kwa amri ya baba, akituma ripoti na sampuli, halafu anakuja kugundua kwamba vile vifurushi vyote havijafunguliwa hata kimoja. Mdogo wangu alirudisha nyuma hiyo sehemu, akaangalia tena, hakusema kitu.

Anayempenda zaidi ni Namba Saba. Yule aliyeambiwa tangu utoto kwamba ni wa kawaida tu, akanyweshwa vidonge, akawa anatazama wenzake wakipigwa picha yeye kasimama pembeni. Na mwisho wa msimu wa kwanza, baada ya Namba Saba kusababisha dunia iangamie, ndugu zake hawamwachi nyuma. Wanashikana mikono wanaondoka naye. Mdogo wangu alisimama katikati ya sebule.

Sasa msimu wa nne ulitoka tarehe 8 Agosti 2024, yeye akiwa shule ya bweni, nikauangalia peke yangu. Mnakumbuka unavyoisha: inaonekana kila balaa la dunia limetokana na wao kuzaliwa na ile nguvu iliyomo ndani yao, na dawa pekee ni wafutike, iwe kama hawakuwahi kuwepo. Wanasimama pamoja, wanamezwa, dunia inapona, ndege wanalia bustanini, na hakuna anayewakumbuka.

Nimekasirika kama mashabiki wengine wengi, ila hofu yangu ni nyingine. Huyu kijana ameambiwa maisha yake yote kwamba kuzaliwa kwake ndiyo msiba. Amemaliza kidato cha sita, hivi karibuni anaripoti JKT, na anataka tuimalize kabla hajaondoka. Nimsimulie kwanza? Nimwambie tuishie msimu wa tatu? Nimwache aone? Naombeni mawazo ya watu walioiangalia.

FundiWaMtumba

Mwache aone. Ni mtu mzima anayekwenda kubeba bunduki jeshini, utamficha tamthilia?

ZabibuChachu

Dada, hasira yako ni yangu. Misimu mitatu ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kumi, huu wa mwisho wakatupa sita. Sita! Humo humo wakalazimisha mapenzi ya Five na Lila, mke wa ndugu yake na mama wa watoto watatu, kwa sababu tu walipotea kwenye treni ya chini ya ardhi miaka kadhaa. Diego, mume wa Lila, anakuja kujua, na kabla watu hawajakaa chini kuzungumza, dunia inaisha. Ben, mmoja wa wale saba, wamemfanya chombo. Namba Saba na Reginald walistahili mazungumzo ya sehemu nzima, tukapewa dakika chache.

Na wanaodhani ndivyo ilivyo kwenye vitabu, hapana. Vitabu vya Gerard Way na Gabriel Bá vilianza 2007, na tamthilia ilipofungwa, vyenyewe vilikuwa bado havijafika mwisho. Mwisho huu umetungwa na watu wa tamthilia. Mimi kwangu The Umbrella Academy inaishia msimu wa tatu: wanatoka kwenye lifti, hawana tena nguvu zao, kila mtu anashika njia yake. Hapo panatosha kabisa. Mwambie aishie hapo.

MgogoWaBahi

Mbukwenyi. ZabibuChachu, akiishia hapo vipande vya msimu wa nne atavikuta kwenye simu ya mwenzake siku ya pili tu. Bora akute nyumbani.

Mzee wa Ipagala

Binti yangu, nimeiangalia na vijana wangu, na naomba nipingane nawe kidogo kuhusu maana yake. Ile nguvu hawakujipa wenyewe. Reginald ndiye aliyeileta duniani, ndiye aliyewakusanya, na msimu huo wa nne unaonyesha kwamba ni yeye pia aliyempiga Ben risasi na kuwafutia wenzake kumbukumbu. Kosa ni la mzazi mwanzo mpaka mwisho. Watoto wanakubali kuondoka ili Claire, binti wa mmoja wao, na watoto wa Lila wabaki hai, na kweli wanabaki, tunawaona bustanini. Mtu anayetoa uhai wake kwa ajili ya watoto huwezi kumweka fungu moja na mtu aliyehukumiwa.

Kijana wako akioneshwa hivyo anaweza kumwona mama yake humo. Mama yake naye aliondoka ili yeye abaki.

BintiNkuhungu

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la mama yake sikuwa nimelifikiria, na nakushukuru. Lakini bado kuna sehemu inayonichoma: Five anaingia kwenye ule mgahawa uliojaa Five wengine kutoka nyakati nyingine, wazee na vijana, wote wamejaribu kuiokoa dunia kwa kila njia, na wote wanamwambia jibu moja, kwamba tatizo ni ninyi kuwepo. Pale hawasemi kosa la baba. Kijana wa miaka kumi na tisa atalisikia hilo kwanza, maana ndilo alilolizoea.

Mzee wa Ipagala

Marahaba mwanangu. Hapo sina la kukujibu haraka. Hiyo sehemu ni nzito.

TichaKondoa

Nafundisha sekondari ya bweni, na msimu huo ulipotoka wanafunzi walibishana nao muhula mzima. Nilichokiona: waliokuwa wanajua mwisho kabla ya kuuona walibishana nao. Waliokutana nao ghafla usiku, peke yao, ndio waliokaa nao vibaya.

Kwa hiyo mimi ningemsimulia. Usimpe kwa mafumbo, mweleze kama ulivyotueleza sisi: wanafutika, dunia inapona, mimi sikukubaliana nao na sababu yangu ni hii. Mwache aamue kama anataka kuona. Akitaka, kaeni pamoja mchana, siyo saa sita usiku umeme ukiwa unakatika katika. Wakati inaendelea usimfafanulie kila kitu. Ikiisha, muulize ni sehemu gani ingemfaa aibadilishe. Vijana wakiulizwa hivyo wanasema mambo ambayo ukiwauliza "unajisikiaje" huyapati.

NesiMakole

Niongezee kwa upande wa kazi yangu. Dada, weka sirizi pembeni kidogo. Je, kijana amewahi kusema "bora nisingezaliwa", hata kwa utani? Anakula? Analala? Amejitenga na wenzake, au amegawa vitu vyake anavyovipenda? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, msingoje mpaka arudi JKT. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na watu wanaliogopa jina hilo bure. Pale wanapokea watu wa kuzungumza nao kama unavyokwenda hospitali kwa malaria. Na kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujidhuru hakumpandikizii wazo. Kunamfungulia mlango.

BintiNkuhungu

NesiMakole, asante sana. Anakula, analala, anacheza mpira kila jioni na wenzake. Aliwahi kusema hilo neno akiwa darasa la saba, baada ya msiba mmoja. Mama alikaa naye usiku ule. Tangu hapo sijalisikia, ila leo nitamuuliza moja kwa moja, nisikisie.

KitengeCheusi

Nimesoma uzi wote nikiwa na machozi, maana mimi ni kama huyo mdogo wako. Mama yangu alifariki akinizaa, Singida, nimelelewa na mama mkubwa.

Nikwambie kitu kimoja, dada. Mimi sikuumizwa na muvi. Kilichoniumiza ni kwamba shangazi yangu mmoja alipokuwa akisema maneno kama hayo ya ndugu yenu, watu wazima wote waliokuwa kwenye mkeka walitazama chini. Mama mkubwa alikuwa akinibembeleza usiku, chumbani, tukiwa wawili. Mchana mbele za watu hakuna aliyefungua mdomo. Nilikua nikijua kwamba napendwa kwa siri.

Ndiyo maana na mimi nilisimama msimu wa kwanza walipomshika mkono Namba Saba. Walifanya mbele ya wote, dunia ikiwaka moto. Msimu wa nne umenikera kwa sababu umesahau hilo, lakini haukunivunja. Nilikuwa tayari na watu.

Muonyeshe au usimuonyeshe, sawa. Lakini msiba unaofuata, ndugu huyo akifungua mdomo, mtu mmoja wa nyumba yenu amjibu pale pale, kwa heshima, kijana akisikia. Amjibu mama yako, au wewe.

FundiWaMtumba

KitengeCheusi, pole sana. Dada, nabadilisha jibu langu, fuata hili.

TichaKondoa

Nakazia. Na asisubiri msiba. Kijana anaondoka hivi karibuni, na safari ya JKT mara nyingi ndugu wanapita kuaga. Huyo ndugu anaweza kuja.

UpepoWaKaskazini

Mimi nimekuja na pendekezo la baada ya hapo, kwa sababu mtu akitoka kwenye mwisho ule anahitaji kitu kingine cha watu waliovurugika. Mpe Doom Patrol. Zilianza siku moja na The Umbrella Academy, tarehe 15 Februari 2019, na zinafanana kwa sura: mzee mwenye siri anakusanya watu walioharibikiwa ndani ya jumba moja. Cliff alikuwa dereva wa magari ya mashindano, akapata ajali, ubongo wake ukawekwa ndani ya mwili wa chuma. Sauti yake ni ya Brendan Fraser, yule aliyechukua Oscar mwaka 2023. Larry ni rubani aliyeungua, amefungwa bandeji mwili mzima. Jane ana nafsi 64 ndani yake. Rita alikuwa mwigizaji mkubwa, sasa akishtuka tu mwili unayeyuka. Kuna mhusika ambaye ni mtaa mzima, mtaa ulio hai unaowahifadhi watu waliokosa pa kwenda.

Ina sehemu 46. Habari za kusitishwa zilitoka Januari 2023, msimu wa nne ukiwa katikati, lakini waliufunga vizuri mwishoni mwa mwaka huo. Na mwisho wake ndio ninaotaka kijana auone. Kuna wanaokufa, sitakudanganya. Ila wanakufa wakiwa wameishi, na wanaobaki wanawakumbuka. Hakuna anayeambiwa kwamba dunia ingekuwa safi bila yeye. Lugha yao tu ni chafu sana, usiiweke sebuleni Mama akiwepo.

ZabibuChachu

Nakubaliana na hili neno kwa neno. Mwisho wa Doom Patrol nililia, na nililia nimeshiba.

BintiNkuhungu

Wakuu, nimerudi. Nilimuuliza jana jioni kama NesiMakole alivyosema, waziwazi. Akaniambia hapana, hawazi hayo, ila neno la yule ndugu huwa linamjia akiwa peke yake bwenini. Nikamsimulia mwisho wote wa msimu wa nne. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Na Namba Saba hakukataa?" Nikamwambia hakukataa. Akasema wamekosea, angekataa. Tukabishana mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini, tukamweleza na yeye, akakaa nasi.

Anataka kuiona, Jumamosi mchana, na Mama amesema atakaa na sisi. Kuhusu yule ndugu, Mama amesema atampigia simu mwenyewe kabla kijana hajaripoti, na akija kuaga atamwambia tena mbele yetu. Nimesikia sauti yake alipokuwa akisema hivyo, nimemwamini. KitengeCheusi, nimemsomea Mama ulichoandika, anakusalimia sana na anasema ukifika Dodoma hapa ni kwenu.

Swali la mwisho kwa UpepoWaKaskazini: Doom Patrol nimpakulie msimu wa kwanza wote, au nianze na sehemu chache? Bando langu siyo kubwa.

KitengeCheusi

Mpe Mama shikamoo yangu. Nitafika.

UpepoWaKaskazini

Anza na sehemu mbili za kwanza, uzipakue usiku kama una bando la usiku. Zile mbili ni kisa kimoja, usizitenganishe: mji mzima unamezwa, na njia ya kuufikia inapita ndani ya punda. Wengi wanaishia hapo wakidhani ni upuuzi. Mwambie avumilie mpaka sehemu ya pili iishe, akifika hapo hatakuomba ruhusa ya kuendelea.