Watu wa boti za mifereji Uingereza, waliishije humo ndani?

Mtembezi_Brum:
Wakuu habari za wikendi. Niko Birmingham huku, jioni napenda kutembea pembeni ya mfereji. Kwenye madaraja ya zamani kona zina michirizi imezama kabisa kwenye chuma, mzee mmoja anayevuaga samaki pale kaniambia ni kamba za farasi waliokuwa wanavuta boti, kamba inasugua palepale miaka nenda rudi. Akasema na familia nzima ilikuwa inaishi humohumo. Sasa boti zenyewe nyembamba vile, watu walilala wapi? Na walikuwa wanalipwaje? Mwenye kujua anipe shule.

Nahodha wa Nchi Kavu:
Mkuu umegusa kitu nakipenda. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester, baada ya hapo kila tajiri akataka wa kwake. Boti zenyewe urefu kama mita 21, upana mita 2 na kidogo tu, maana zilitengenezwa zienee kwenye yale malango ya kupandisha na kushusha maji. Farasi mmoja anavuta tani 25 hivi bila shida.

Mwanzoni wengi walikuwa na nyumba zao nchi kavu. Reli zilivyokuja zikashusha bei ya mizigo, mwenye boti akashindwa kulipa vibarua, ndo akapandisha mke na watoto wafanye kazi bure. Chumba kiko nyuma, urefu kama mita 3, jiko, kabati ambalo mlango wake ukiushusha unakuwa meza, na kitanda cha kukunja. Sehemu yote iliyobaki ni ya mzigo, ndo unaolipa.

mama_wawili:
Na watoto je? Hapo ndo mimi nasikia uchungu.

Nahodha wa Nchi Kavu:
@mama_wawili watoto walikuwa wafanyakazi dada. Kuongoza farasi, kukimbia mbele kufungua malango. Kwenye mahandaki mengi ya zamani hakuna njia ya farasi, kwahiyo mtu mmoja anampitisha farasi juu ya kilima, na huku ndani wanaume wanalala chali wanasukuma ukuta kwa miguu mpaka boti inatokea upande wa pili. Handaki la Blisworth linakaribia kilomita 3, piga picha hiyo na giza lake. Shule wanapata siku mbili tatu boti ikisubiri mzigo, basi, wengi walizeeka hawajui kusoma. Sheria ya 1877 ililazimisha boti kusajiliwa na kupanga idadi ya watu wa kulala humo, ila kusoma kuliendelea kuwa kwa kubahatisha, hosteli ya watoto wa boti hapo hapo Birmingham ni ya miaka ya 1950!

Kibarua Mwenzenu:
Mimi zile picha za maua ya waridi na makasri walizochora kwenye boti hazinidanganyi, nzuri sawa, lakini malipo yalikuwa kwa tani na safari. Ukikaa foleni kusubiri kupakia, hiyo njaa yako mwenyewe, kama bodaboda asiyepata abiria. Mama anashika usukani, anapika, ananyonyesha, na jina kwenye karatasi za kampuni ni la mume. Ukiugua ukiwa safarini ndo balaa, ila pale kijiji cha Stoke Bruerne kulikuwa na nesi Mary Ward, aliwatibu watu wa boti miaka mingi kwake pembeni ya mfereji.

Mtembezi_Brum:
Duh. Na nini kiliwamaliza, malori?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Malori ndio, ila baridi ya 1962 kuingia 1963 ndo ilipiga msumari. Mifereji iliganda wiki kwa wiki, boti zimenasa, wenye mizigo wakahamia barabarani na wengi hawakurudi. Mwaka huohuo wa 1963 serikali ikaacha karibu biashara yote ya boti nyembamba. Wachache waliendelea, makaa ya mawe ya kiwanda cha jemu kule Southall yalipelekwa kwa boti mpaka 1970. Ukipata nafasi nenda makumbusho ya Stoke Bruerne, sio mbali sana na hapo ulipo.

Kibarua Mwenzenu:
Na ukienda mkuu tupigie picha za hicho chumba, hasa hicho kitanda, bado sielewi watu wazima wawili walilalaje.