Bia imegoma kuchacha, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Wiki hii nina lita 20 za bia ya rangi ya kahawia kwenye ndoo, na imenikwamia. Siku ya kwanza haidromita (kifaa cha kupima sukari iliyomo; namba hushuka hamira inapoila) ilisoma 1.052. Povu likapanda siku tatu, nikajisifu moyoni, kisha kimya. Leo ni siku ya 9 na kipimo kimeganda 1.022 tangu juzi. Nilitegemea ishuke hadi 1.012 hivi.

Ninachoshuku ni baridi: usiku chumba kilishuka hadi nyuzi 14, na hamira niliyotumia hupenda 18 hadi 22. Au kosa nililifanya wakati wa kuloweka kimea? Maji yalifika nyuzi 70 badala ya 66, na joto likizidi pale hubaki sukari ambazo hamira haiziwezi. (Kipimajoto changu chenyewe sikiamini sana.)

Niihamishie ndoo penye joto na kuizungusha taratibu, au niongeze hamira mpya? Kutia kwenye chupa sithubutu, maana ikianza kuchacha tena humo ndani zitapasuka. Aliyewahi kukwama hivi alifanyaje?