Strima yenye DAC ya ndani kwa ampli isiyo na dijitali: WiiM, Bluesound au Raspberry Pi?

mpenda_dansi (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina Yamaha A-S201 na spika ndogo za rafu, sebule ya kawaida yenye vigae chini. Kwa sasa napitisha muziki kwa waya kutoka kwenye simu, na simu ikiita tu Mlimani Park wananyamaza. Ampli hii haina tundu la dijitali hata moja, kwa hiyo nahitaji strima (kifaa kinachovuta muziki kutoka mtandaoni au kwenye diski) yenye DAC yake (kigeuzi cha sauti ya dijitali kuwa ya analogi). Nimebaki na WiiM Pro Plus, WiiM Ultra, Bluesound Node Nano, na Raspberry Pi (kompyuta ndogo) ya kujiundia. Bajeti mwisho dola 350 kabla ya usafiri na ushuru. Ipi ina DAC kali zaidi?

FundiWaSpika
Mkuu, DAC iweke mwisho. Pro Plus ina chipu ya AKM AK4493SEQ, Ultra ina ESS ES9038Q2M, na zote mbili ni safi kuliko spika zako na sebule yako zitakavyoweza kukuonyesha. Swali la kwanza ni muziki wako unaishi wapi. Spotify? Fleshi? Kompyuta? Jibu hilo ndilo litakalochagua boksi.

mpenda_dansi
Nusu Spotify. Nusu nyingine ni dansi la zamani na taarab, MP3 zimejaa kwenye fleshi na diski ya nje.

FundiWaSpika
Basi Pro Plus imeshaanza kuyumba. Haina tundu la USB la kuchomeka fleshi, ile USB-C yake ni ya umeme tu. Utalazimika kuacha kompyuta ikiwa imewashwa igawe nyimbo kwa DLNA, yaani kupitia mtandao wa nyumbani. Ultra inasoma fleshi moja kwa moja, ina skrini ya inchi 3.5, HDMI ya kupokea sauti ya TV, na tundu la santuri. Bei ya kutoka ilikuwa dola 329, Pro Plus 219.

pwani_hifi
Niko Mombasa, natumia Pro Plus na sijutii. Kitu kimoja hamjakigusa: stima. Pro Plus inakula volti 5, kwa hiyo ikipotea naihamishia kwenye pawabenki. Ultra inataka umeme wa ukutani, lazima uwe na inverta.

kitaa_sauti
@pwani_hifi na ampli yake utaiwasha kwa pawabenki pia? 😂

pwani_hifi
Nina spika zenye ampli ndani, zinatumia betri ya sola. Usicheke.

dada_wa_bando
Wanaume mnabishana chipu, bando hamlitaji. Spotify Connect haipitishi muziki kwenye simu. Simu inakuwa rimoti tu, strima ndiyo inayovuta wimbo kutoka intaneti. Raha yake ni kwamba simu ikiita muziki hausimami. Ubaya wake, nyimbo ulizokwisha kupakua kwenye simu hazitumiki, zinavutwa upya. Kwa 320 kbps ni kama MB 144 kwa saa. Ukienda kwenye ubora wa CD kwa FLAC (faili iliyobanwa bila kupoteza ubora), hesabu MB 350 hadi 450 kwa saa kutegemea muziki. Zile faili za biti 24 na kHz 192 zinaweza kupita GB 2 kwa saa, hizo mwachie mwenye faiba.
Mwenye iPhone ana mlango wa pili: AirPlay inasukuma sauti kutoka kwenye simu kwa Waifai ya nyumbani, kwa hiyo ulichopakua kinacheza hata bando likiisha. Android ibaki na Bluetooth.

mzee_wa_soda
Naona Pi imesahaulika. Raspberry Pi 4, kadi ya sauti ya HiFiBerry juu yake (ndiyo DAC), programu ya muziki ya moOde ya bure, chomeka diski yako ya nje, umemaliza. Maktaba yote unaipekua kwa simu, hata bila intaneti, mradi ruta iwake. Tahadhari moja: umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, kadi ya SD inaweza kuharibika. Ndiyo maana mimi nilihamia programu ya piCorePlayer, yenyewe inajipakia yote kwenye RAM, ukiichomoa haijali. Ila kama hupendi kuhangaika na mipangilio, usiiguse. Mkeo atakupigia simu kazini kuuliza kwa nini redio haisemi.

kitaa_sauti
Bluesound sifa yake ni BluOS, programu yake ya muziki, kwenye kupanga maktaba kubwa imetulia kuliko WiiM. Lakini haina Chromecast (njia ya Google ya kurusha muziki kwenye kifaa), kwa hiyo YouTube Music utaipeleka kwa Bluetooth au AirPlay. Kwa pesa hiyo ningechukua Ultra. Na vigae vyako: WiiM ina urekebishaji wa sauti ya chumba unaopima kwa maiki ya simu. Unapunguza besi inayovuma konani. Hapo utasikia tofauti kuliko kubadilisha chipu mara tatu. Weka na zulia.

mpenda_dansi
Naelekea Ultra basi. Fleshi inaingia, na santuri za baba zina pa kuchomekwa.

FundiWaSpika
Santuri chomeka kwenye Yamaha, tayari ina tundu lake la phono. Hiyo usiilipie mara mbili.

dada_wa_bando
Kabla hujalipa: nyumbani nani ana iPhone?

mpenda_dansi
Mama watoto. Kwa nini?

dada_wa_bando
Ultra ilitoka 2024 bila AirPlay. Pro Plus na Nano wanayo.

mpenda_dansi
Duh. Na yeye ndiye anayepakua taarab zote. Ngoja nimuulize kwanza, Nano nayo nirudi kuiangalia.