MREJESHO: Nimejifungua mapacha, mwajiri kanipa siku 84 tu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama ni halali kupewa likizo ya uzazi ya siku 84 ilhali nimejifungua mapacha. Mlinielekeza kifungu cha 33, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya hapa Tanzania Bara: mapacha ni siku 100, zenye malipo. Nilikiprinti, nikaambatanisha na barua, nikampelekea afisa utumishi. Alikisoma kimya, mara mbili. Ijumaa nimepata barua mpya: siku 16 zimeongezwa. Jamani, nililia. Kurwa ndiyo kwanza anaanza kunenepa, ningemwachia nani? Nikirudi kazini nitaomba na muda wa kunyonyesha, sheria inaruhusu hadi saa mbili kwa siku. Dada uliyenikataza kufidia siku zilizopungua kwa likizo yangu ya mwaka, Mungu akubariki sana.