Mama anakuja Hamburg kwa ndege: awe na karatasi gani?

Kutoka Kiel:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mama yuko Tanga, tunamtaka Hamburg, Ujerumani, siku 60 kuanzia mwezi wa saba. Atapandia Dar, apite Addis Ababa na Frankfurt. Pasi mpya anayo. Tuanzie wapi?

Kutoka Hamburg:

Anza na wewe, si na mama. Omba miadi Ausländerbehörde (ofisi ya wageni) ya mji wako upate Verpflichtungserklärung, ile hati ya kubeba gharama za mgeni. Ada yake yuro 29. Nenda na hati za mshahara za miezi 3, mkataba wa nyumba, kibali chako cha ukaazi na nakala ya pasi ya mama. Ubalozi unataka hati yenyewe, si picha ya WhatsApp, na isiwe imepitisha miezi 6.

Pasi ya mama iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibakize miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), na kurasa 2 tupu. Picha milimita 35 kwa 45. Bima isipungue yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na itaje gharama za kusafirisha maiti. Ni neno zito, lakini lisipoandikwa bima haikubaliki. Viza yuro 90, hurudishiwi hata akinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15, ila ukingoja hizo 15 unajitafutia presha.

Wengi hukwama kwenye majina. Cheti chako cha kuzaliwa cha RITA kinamtaja mama kwa jina la baba yake, pasi yake ina jina la mume: afisa atajuaje ni mtu yuleyule? Weka cheti cha ndoa, au hati ya kiapo inayoyataja majina yote mawili.

Lingine ni sababu ya kurudi nyumbani. Barua ya pensheni, hati ya shamba, leseni ya biashara, barua ya serikali ya mtaa kuhusu wajukuu anaowalea: chochote cha kweli. Na usimmwagie mamilioni benki wiki moja kabla. Taarifa ya akaunti inaonyesha tarehe, na pesa ya ghafla inamharibia.

Kutoka Bremen:

Naongeza la stika ya viza. Ina tarehe za kuanzia na kuishia, halafu ina idadi ya siku. Kinachombana ni siku. Ikiandikwa 60 na tarehe zikafika 75, bado ni 60, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu 12 Oktoba 2025 mfumo wa EES, wa kuandikisha wanaoingia na kutoka Schengen, umeanza kusajili picha na alama za vidole mpakani, kwa hiyo hesabu inafanywa na mashine. Viza ikiwa ya kuingia mara moja, asitoke kwenda London kusalimia, hataweza kurudi.

Uhamiaji atapitia Frankfurt, si Hamburg, na wewe hutakuwepo. Mkoba wa mkononi uwe na nakala ya Verpflichtungserklärung, bima, tiketi ya kurudi, pamoja na anwani na simu yako kwenye karatasi, maana laini yake huenda isishike. Kaunta ya Dar nayo itakagua: shirika likimbeba asiye na karatasi kamili hutozwa faini. Safari yote iwe tiketi moja. Ukikata mbili, Addis huenda akalazimika kutoka kuchukua mizigo, na hapo inaingia viza ya Ethiopia.

Samli na nyama kavu aache. Dagaa wakavu ruksa, hadi kilo 20. Maembe yanadai cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende hazidai.

Kutoka Kiel:

Ahsanteni sana. Na akinyimwa?

Kutoka Hamburg:

Barua ya kupinga iliyokuwa inapelekwa ubalozini ilifutwa 1 Julai 2025. Imebaki mahakama ya utawala ya Berlin, ndani ya mwezi mmoja, au kuomba upya. Kuomba upya ni haraka zaidi, lakini soma kwanza kisanduku walichotia alama kwenye barua ya kumnyima na uzibe hapohapo. Ukirudisha faili lilelile utapata jibu lilelile.